Saa za Mlangoni

Gazeti la mji wetu wa Halvor lilipofungwa, Lorna Vukelich alipewa mshahara wa wiki sita, kiti alichokuwa akikikalia, na keki. Kwa miaka kumi na sita alikuwa amepanga matangazo ya gazeti hilo: matairi, majeneza, harusi, mashine za kuondolea theluji. Keki waliila palepale ofisini na mama yangu, aliyekuwa mpokea simu, ndiye aliyeikata. Kiti Lorna alikipakia kwenye gari. Mwezi uliofuata akabandika karatasi kwenye ubao wa duka la vyakula: Natengeneza tovuti. Bei nafuu. Tunafanya mpaka uridhike.

Kabla ya kuibandika alikuwa amepiga hesabu nyuma ya kalenda ya benki. Saa arobaini kwa wiki, dola arobaini na tano kwa saa, wiki hamsini kwa mwaka. Ikaja dola elfu tisini. Akarudia, ikaja ileile. Wakati wa chakula cha jioni akamwonyesha mumewe Rudy, ambaye huendesha lori la kubebea mawe ya chuma mgodini.

"Elfu tisini," Rudy akasema. "Mbona utanipita?"

"Kidogo tu."

"Basi naacha kazi, nakaa nyumbani nakupikia."

"Ukipika wewe wateja watakimbia."

Sitaki kumcheka Lorna kwa hesabu ile, maana hakuibuni yeye. Kuna watu mtandaoni wanaoishi kwa kuiuza. Wanakaa mbele ya kamera, shati jeupe, wanakwambia mtu yeyote mwenye kompyuta na moyo anaweza kujitoa utumwani kwa miezi sita, kisha wanakuuzia masomo kwa dola mia tatu. Lorna aliyanunua. Nikayasoma yote baadaye, kurasa mia moja na kumi, na sikukuta mahali popote palipoandikwa kwamba mtu anayejiajiri halipwi kwa saa anazofanya kazi. Hulipwa kwa saa alizozitaja. Hao wa shati jeupe wanajua hivyo vizuri kabisa. Utajiri wao umetoka kwenye masomo; tovuti hawajatengeneza siku nyingi.

Wateja walikuja. Kufikia mwisho wa mwaka alikuwa nao ishirini na watatu, na katika mji wa watu elfu nne hilo si jambo dogo. Duka la chambo cha kuvulia samaki. Ukumbi wa harusi. Fundi wa mabomba. Kanisa moja la Kilutheri na hasimu wake, kanisa jingine la Kilutheri. Bei yake ilikuwa dola mia tisa kwa tovuti ndogo, zaidi kwa kubwa, na wote walimlipa kwa wakati. Hakuna aliyemdhulumu, na ndiyo maana ilimchukua muda mrefu kuona tatizo liko wapi.

Sisi watu wa Halvor hatuagani mara moja. Mgeni akisema "haya, ngoja nikuache," anakuwa ametangaza tu kwamba nusu ya pili ya mazungumzo imeanza. Anasimama, anakaa tena kidogo. Anavaa koti, anasindikizwa hadi pale buti zinapopangwa, anavaa moja, anaongea akiwa na moja. Kisha mlangoni, mkono kwenye kitasa. Kisha nje, dirisha la gari likiwa limeteremshwa na baridi ikiwapiga wote wawili. Mezani watu huwa na adabu. Mambo yenyewe, ugonjwa, mtoto aliyeachika, nyumba inayouzwa, husemwa mlangoni, na mwenye nyumba anayemharakisha mgeni wake pale huongelewa vibaya miaka kumi.

Kwa hiyo wateja wa Lorna walikuwa wakikaa naye mezani, wanakunywa kahawa, wanaangalia ukurasa kwenye kompyuta na kusema, "Ni nzuri." Au wakisema, "Mh, hii ni tofauti," na kila aliyezaliwa hapa anajua kwamba "tofauti" ni tusi lililovaa suti. Mabadiliko wanayoyataka hawayasemi. Wanakubali, wanashukuru, wanasimama. Halafu buti ya pili ikishaingia:

"Kabla sijasahau, Lorna. Mke wangu anasema ile bluu inamkumbusha hospitali."

"Hamna shida."

"Na zile picha za kiangazi, si zinaweza kuingia zote? Ziko sitini hivi."

"Hamna shida."

Na kule kwenye dirisha la gari, injini ikiwa inanguruma, lile kubwa kuliko yote: watu waweze kuweka nafasi wenyewe, walipe wenyewe, wapate barua pepe wenyewe. Lorna akiwa amejikunyata bila koti anasema hamna shida, ni kitu kidogo, wewe endesha polepole tu.

Februari akapeleka makaratasi yake kwa wifi yake Jolene, dada wa Rudy, ambaye huwajazia watu fomu za kodi nyumbani kwake, chini, karibu na mashine ya kufulia. Jolene ni mwanamke mpana mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, na hajawahi kumbembeleza mtu.

"Zimeingia elfu thelathini na moja mia nne," Jolene akasema.

"Ndiyo."

"Kompyuta, programu, petroli, kuhifadhi tovuti, masomo ya yule mtakatifu wa shati jeupe: elfu nne mia saba. Zimebaki elfu ishirini na sita mia saba. Za kodi umeweka wapi?"

"Kodi gani?"

Jolene akavua miwani ya machoni, akabaki na ya kichwani. "Wifi. Kule gazetini walikuwa wanakukata kabla hujaiona. Sasa hakuna wa kukukata. Unajikata mwenyewe, kila miezi mitatu. Na ile nusu ya malipo ya uzeeni aliyokuwa akikulipia mwajiri, mwajiri ni wewe. Zikikuingia mkononi dola mia, thelathini si zako. Usizizoee, usizipe hata jina."

"Ni ngapi?"

"Elfu sita mia tatu, ya serikali kuu na ya jimbo. Unabakiwa na elfu ishirini na mia nne. Umefanya kazi saa ngapi?"

Lorna hakujua. Alijua alianza asubuhi Rudy akitoka na kumaliza Rudy akirudi, na Jumamosi nyingi.

"Tuseme elfu moja mia tisa." Jolene akabonyeza. "Dola kumi na senti sabini kwa saa. Yule msichana anayegeuza soseji kituo cha mafuta anapata kumi na tano, na akimaliza anaondoka."

"Asante, wifi."

"Usinishukuru, bado sijamaliza. Nenda ukaandike saa zako kwa wiki nne. Kila kitu. Hata ukisimama na mtu barazani kuongelea samaki, andika."

Aliandika, kwenye daftari la shule lenye picha ya dubu. Wiki nne zikaja saa mia moja hamsini na mbili. Saa sabini na nane zilikuwa za kazi iliyokubaliwa na kulipiwa. Arobaini na moja zilikwenda kwenye kutafuta wateja, kupiga simu, kutengeneza kilichoharibika, kujifunza kitu kipya, kuandika ankara. Zilizobaki, thelathini na tatu, alizipa jina mwenyewe pembeni ya ukurasa: mlangoni. Ndani ya hizo kulikuwa na kule kusimama kwenyewe na kazi zote zilizozaliwa pale.

Angeweza kuishi na hesabu hiyo kama mgodi usingezungumza. Lakini wiki ya pili ya Machi kampuni ilitangaza kwamba kuanzia tarehe moja Mei itasimamisha kazi, chuma kimeshuka bei, watu mia nne nyumbani mpaka itakapotangazwa tena. Bima ya afya ya wafanyakazi ingeendelea miezi sita, kisha basi. Rudy alikuwa amezibuliwa mshipa wa moyo miaka miwili nyuma, na anameza vidonge vinne kila asubuhi, kimoja kati ya hivyo ni ghali kuliko chakula chao cha wiki. Bila bima ya mgodi wangelazimika kujinunulia, na Jolene alishaulizia: dola elfu moja na mia moja kwa mwezi kwa wote wawili.

Kliniki ya hapa mjini ilikuwa inatafuta mtu wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Saa arobaini kwa wiki, dola kumi na tisa na nusu kwa saa, bima kamili ya mke na mume. Walimjua Lorna, wakampigia wenyewe. Jibu walilitaka Ijumaa.

Hapo ndipo ulipokuwa mgogoro wake. Kazi ya tovuti aliipenda. Hakuwahi kusema hivyo kwa sauti, huku kwetu mtu hasemi, lakini niliwahi kumwona akimwonyesha mama ukurasa wa duka la chambo, namna samaki walivyopangwa kwa ukubwa, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyejifungua salama. Kuikubali kliniki kwa saa arobaini kulikuwa ni kuifunga kazi hiyo. Kuikataa kulikuwa ni kucheza na moyo wa Rudy, ule wa nyama. Alihitaji kujua kitu kimoja kabla ya Ijumaa: kama kazi yake ingeweza kubeba nyumba iwapo zile saa za mlangoni zingelipwa.

Alhamisi asubuhi alikuwa na miadi na Arvid Pelto. Mzee Arvid ana miaka sitini na minane na hutengeneza majiko ya sauna, vile vyumba vya kuogea mvuke, katika karakana nyuma ya nyumba yake, majiko ya chuma kizito ambayo hununuliwa hadi jimbo la Michigan. Tovuti yake ilikuwa imekwisha mara tatu. Walikaa, wakanywa kahawa, wakala potica, ule mkate mtamu wa kokwa za jozi, ambayo mkewe huitoa kwenye friji kwa kila mgeni. Arvid aliangalia kurasa zote, akasema ni nzuri. Hakuwa na neno. Akamsindikiza. Lorna akavaa buti ya kwanza, akavaa ya pili, akashika kitasa.

"Kabla sijasahau, binti wa Harold," Arvid akasema. Alimjua marehemu baba yake. "Mpwa wangu anasema huko kwingine mteja anachagua mwenyewe ukubwa wa jiko, anachagua na mlango, na bei inabadilika palepale anaiona. Na sisi tuweke hiyo."

Lorna alinisimulia kwamba neno "hamna" lilikuwa tayari limefika kwenye meno.

"Hiyo ni kazi ya saa kumi na mbili, mzee," akasema. "Dola mia tano na arobaini."

Arvid aliangalia buti zake Lorna kana kwamba zimeongea. "Mia tano na arobaini."

"Ndiyo."

"Na zile picha za Novemba ulizoniongezea?"

"Zile zilikuwa saa nne."

"Ramani?"

"Tatu."

"Hukusema."

"Hukuuliza."

"Nikuulize vipi? Mwenye duka si wewe?" Hakuwa amekasirika, alikuwa kama mtu anayekagua mahali chuma kilipopasuka. "Mtu akija hapa akaniambia, Arvid, nitilie mlango wa kioo, namwambia mia mbili na kumi hata hajafumba mdomo. Akitaka anatoa, hataki anachukua wa chuma. Wewe kila nikikwambia kitu unasema hamna shida. Nikaamini hamna shida. Nilimwambia mke wangu, kazi ya huyu binti ni kubonyeza tu, haina uzito."

Kwa mwaka mzima Lorna alikuwa anadhani anawafanyia watu wema, kumbe alikuwa akizunguka mji mzima, mlango kwa mlango, akiwafundisha kwamba kazi yake haina uzito. Na walijifunza vizuri.

"Basi hiyo ya kuchagua iache," Arvid akasema. "Mia tano na arobaini ni pesa nyingi kwa kitu ambacho mtu anaweza kunipigia simu. Nami napenda wakinipigia."

"Sawa."

"Na hizo za nyuma silipi."

"Sikuombi, mzee."

"Haya. Endesha polepole, kuna barafu pale kwenye kona."

Alitoka pale bila mia tano na arobaini, lakini saa kumi na mbili zilikuwa zimebaki kuwa zake, na kwenye kona yenye barafu aliendesha polepole akiwa anacheka peke yake. Mwaka uliopita angekuwa ameshazitoa sadaka, na Arvid mwenyewe hakuwa anazitaka kiasi hicho.

Mchana aliwapigia simu wateja watano waliokuwa na kazi za mlangoni alizokuwa bado hajazianza, akamtajia kila mmoja saa na bei. Wawili walisema endelea. Wawili walisema, aa, basi, acha ilivyo. Wa tano, mwenye ukumbi wa harusi, alisema, "Mh, hiyo ni tofauti," na kufikia jioni alikuwa ameshahamishia tovuti kwa mtoto wa shemeji yake.

Akaenda na majibu hayo kwa Jolene.

"Kwa hiyo wanalipa nusu," Jolene akasema. "Vizuri. Nilidhani robo. Saa za mlangoni kwa mwaka ni kama mia nne. Nusu wanalipia, hizo ni elfu tisa zaidi. Nusu hazifanyiki kabisa, unazirudisha. Na yule wa harusi?"

"Aende."

"Aende. Kwa hiyo inaingia elfu arobaini na mia nne. Toa gharama, inabaki elfu thelathini na tano mia saba. Kodi nakukata kwa huruma, elfu nane. Imebaki?"

"Ishirini na saba mia saba."

"Bima ya kujinunulia ni elfu kumi na tatu na mia mbili kwa mwaka."

Wote wawili waliangalia namba iliyobaki kwenye kikokotoo. Elfu kumi na nne na nusu, kwa saa elfu moja na mia saba. Mashine ya kufulia ilikuwa inazunguka.

"Dola nane na nusu," Jolene akasema. "Soseji bado zinakushinda, wifi."

"Bila bima ingekuwa kumi na sita."

"Bila bima, ndiyo. Na bila baridi tungelima mananasi."

Mimi jambo hilo linanichoma hadi leo. Hapa kuna mwanamke hodari, mteja anaridhika, bei ni ya haki, kazi ipo, hesabu inakubali. Kinachomrudisha ofisini ni moyo wa mumewe, kwa sababu tumekubali katika nchi hii kwamba mtu akitaka dawa sharti awe na bosi. Kila mwaka wanasiasa wanapita hapa na kofia za wachimbaji wakisifu biashara ndogo, na hakuna hata mmoja anayesema kwamba biashara ndogo nyingi hufia kwenye dirisha la duka la dawa. Nilikwenda kumwambia Lorna hivyo, kwa sauti kubwa kuliko ilivyostahili jikoni kwa mtu. Alinisikiliza, akaniongezea kahawa.

"Umesema kweli yote," akasema. "Sasa hasira hizo zinamlipia Rudy kidonge kipi?"

Ijumaa asubuhi alipiga simu kliniki. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alimuuliza msimamizi kama wangemchukua kwa saa thelathini na bima ileile. Msimamizi alikaa kimya. Lorna naye akakaa kimya, na kwa mtu wa Halvor kukaa kimya kwenye simu bila kusema hamna shida ni kama kubeba gunia la mchanga. Msimamizi akasema ataulizia. Baada ya saa moja akarudi: thelathini inawezekana, bima ni ileile, ila kwa dola kumi na nane na senti sabini na tano. Lorna akakubali.

Alimweleza Rudy walipokuwa wanakula viazi na nyama ya kusaga.

"Na tovuti?"

"Jumatano na Jumamosi. Nimebakiza wateja wanane. Wengine nimewapa majina ya watengeneza tovuti wa mjini Duluth."

"Zitaleta ngapi?"

"Jolene anasema kati ya elfu tisa na kumi na mbili kwa mwaka, baada ya kodi."

Rudy alitafuna kwanza. "Ni pesa ya kweli au ya kwenye kalenda?"

"Ya kweli."

"Basi nipe chumvi."

"Daktari alisema nini kuhusu chumvi?"

"Huyo si atakuwa bosi wako? Muulize Jumatatu."

Lorna alianza kliniki wiki iliyofuata. Karatasi ya kwenye ubao wa duka aliibandua mwenyewe, akaweka nyingine: kurasa tano, dola elfu mbili na mia moja, mabadiliko mara mbili ndani ya bei, ya tatu yanalipiwa kwa saa. Wapo waliosoma wakasema ameota pembe. Wapo waliopiga simu. Mezani bado anatoa kahawa, mlangoni bado anasimama na kusikiliza habari za magoti na talaka kama mtu yeyote aliyelelewa. Mteja akisema "kabla sijasahau," anatoa kitabu kidogo mfukoni na kuandika akiwa palepale, kisha anataja namba. Anasema watu wengi hukumbuka mambo machache zaidi wakiona kalamu.

Mwaka huo za tovuti zilimbakia elfu kumi na mia sita. Mgodi ulifunguliwa Novemba na Rudy akaitwa kazini, bima yake ikarudi, na mama yangu, ambaye hajui kungoja, akamuuliza Lorna dukani, mbele ya watu, kama sasa ataacha kliniki.

"Mgodi ukifungwa tena je?" Lorna akasema. "Nikiwa na wateja kumi na watano wanaoijua bei, nitaacha."

"Unao wangapi?"

"Tisa," akasema, akasukuma toroli yake kuelekea kwenye viazi.